Makubaliano ya dau na unasibu katika programu huria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaoandika programu, wanaoendesha nodi (kompyuta zinazoubeba mtandao) au wanaofikiria kuendesha, na wale wanaotaka kujua kinachofanyika ndani ya blokucheni zinazotumia dau, yaani daftari za pamoja za miamala zinazoandikwa bloku kwa bloku. Mfano mkuu ni Ethereum, kwa sababu msimbo wake uko wazi wote na makosa yake yamejadiliwa hadharani. Blokucheni za Algorand, Cardano na Cosmos, pamoja na drand, huduma ya namba nasibu, zimetajwa pale zilipochagua njia nyingine.

Uthibitisho wa dau ni nini?

Kila blokucheni ina swali la kujibu kila baada ya sekunde chache: nani aandike bloku inayofuata, na wengine watajuaje kwamba ana haki hiyo? Bitcoin hujibu kwa uchimbaji. Mashine hushindana kukisia namba, ya kwanza kuipata ndiyo inayoandika, na gharama ya umeme ndiyo inayomzuia mtu kudanganya. Katika uthibitisho wa dau, anayetaka kushiriki huweka rehani sarafu zake ndani ya itifaki yenyewe, yaani kanuni zinazoendesha mtandao. Akifanya kazi yake hulipwa, akithibitika kudanganya sehemu ya rehani hukatwa.

Peercoin ilianza na wazo hili mwaka 2012. Ethereum ilihamia huko tarehe 15 Septemba 2022, baada ya mnyororo wake wa dau, Beacon Chain, kutembea pembeni tangu 1 Desemba 2020. Matumizi ya umeme ya mtandao yalishuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Unasibu unahusikaje hapa?

Kwenye uchimbaji, bahati iko ndani ya kazi yenyewe: hakuna ajuaye nani atapata namba. Ukiondoa uchimbaji, ile bahati inaondoka pia, na lazima itafutwe kwingine. Kwa maoni yangu hili ndilo tatizo gumu kuliko yote katika mifumo ya dau, na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote. Watu hubishana kuhusu faida ya mwaka na bei ya sarafu, ilhali haki ya mfumo mzima inategemea namba moja ambayo hakuna mtu anayepaswa kuwa na uwezo wa kuichagua.

Kwenye Ethereum namba hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumteua mpendekezaji wa bloku katika kila nafasi ya sekunde 12. Ya pili ni kuwachanganya wathibitishaji wote (washiriki walioweka dau), ambao sasa ni karibu milioni moja, na kuwagawa katika kamati za kupiga kura. Nafasi 32 zinafanya kipindi kimoja cha dakika 6.4, na kila kipindi kamati hupangwa upya. Itifaki inataka kila kamati iwe na watu wasiopungua 128, na hesabu ya nyuma yake inaeleweka: mshambulizi mwenye theluthi moja ya dau lote ana uwezekano wa chini ya moja katika trilioni wa kujikuta ameshika theluthi mbili ya kamati kama hiyo. Hesabu hiyo ni ya kweli mradi tu upangaji ni wa nasibu. Mtu akiweza kuuelekeza, haina maana tena.

Si rahisi zaidi kwenda kwa zamu?

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Tendermint, iliyoanzishwa na Jae Kwon mwaka 2014 na ambayo leo inaendelezwa kwa jina la CometBFT, huchagua mpendekezaji kwa zamu zinazopimwa kwa uzito wa dau. Cosmos Hub imekuwa ikifanya kazi hivyo tangu Machi 2019. Hakuna unasibu, na kwa mtandao wenye wathibitishaji mia moja au mia mbili ambapo wote hupigia kura kila bloku, sioni ubaya wake. Zamu huanza kuleta shida pale wathibitishaji wanapokuwa wengi kiasi kwamba hawawezi kupiga kura wote kwa pamoja na inabidi wagawanywe. Anayejua miezi kabla kwamba atakuwa kamati gani anaweza kujipanga na wenzake, au kumhonga jirani yake.

Kwa nini kompyuta isitoe tu namba nasibu?

Kompyuta ipi? Kompyuta yako inaweza kutoa namba nzuri kabisa, lakini mimi sina njia ya kujua kwamba hukuitoa mara elfu ukachagua ile inayokupa zamu. Ni kama upatu: kijumbe akikunja karatasi peke yake chumbani kwake kisha akatangaza nani anapokea kwanza, huenda alikuwa mwaminifu, lakini wanachama hawana cha kushika. Wakikunja wote, wakachanganya mbele ya macho ya wote, hakuna haja ya kumwamini yeyote.

Upande wa pili, nodi zote lazima zifikie jibu lilelile. Programu ya makubaliano haiwezi kuita jenereta ya namba ya mfumo endeshi, kwa sababu kila nodi ingepata namba yake na mnyororo ungepasuka. Kwa hiyo tunahitaji kitu cha ajabu kidogo: namba ambayo haitabiriki kabla ya wakati wake, na ambayo ikishatoka kila mtu anaikokotoa na kupata jibu moja.

RANDAO inafanyaje kazi?

RANDAO ndiyo njia ya Ethereum ya kuitengeneza namba hiyo. Kila mpendekezaji wa bloku huweka ndani ya bloku saini yake ya kidijitali juu ya namba ya kipindi kilichopo. Saini hiyo ni ya aina ya BLS, yenye baiti 96. Programu huipitisha kwenye SHA-256, fomula ya heshi inayogeuza data yoyote kuwa namba ya urefu maalumu, kisha matokeo huunganishwa biti kwa biti (XOR) na mchanganyiko uliokuwepo. Nafasi inayofuata, mpendekezaji mwingine anaongeza wake. Kipindi kikiisha, mchanganyiko umeguswa na hadi watu 32.

Uzuri uko kwenye saini yenyewe. Saini ya BLS ni moja tu kwa kila ufunguo na kila ujumbe. Ujumbe, yaani namba ya kipindi, unajulikana. Ufunguo uliwekwa zamani. Kwa hiyo mpendekezaji hana nafasi ya kujaribu saini ya pili au ya tatu akitafuta inayomfaa: ana moja tu, na kila mtu anaweza kuikagua kwa ufunguo wake wa wazi. Mifumo ya kwanza ya namna hii ilimtaka mshiriki afiche namba kwanza, aifunue baadaye, na itifaki ibebe kumbukumbu ya ahadi zote hizo. Saini ya BLS imeondoa mzigo huo wote.

Mchanganyiko wa mwisho wa kipindi hautumiki papo hapo. Mbegu ya kipindi N hutokana na mchanganyiko uliofungwa mwisho wa kipindi N−2, ukachanganywa kwenye heshi pamoja na namba ya kipindi. Muda huo katikati unawapa wathibitishaji nafasi ya kujua kamati zao na kuunganika na wenzao kabla ya kazi kuanza. Kisha mbegu inaingia kwenye algoriti ya kuchanganya iitwayo swap-or-not, yenye raundi 90. Algoriti hii ilichaguliwa kwa sababu inaruhusu kukokotoa mahali alipoangukia mthibitishaji mmoja bila kulazimika kupanga orodha nzima, jambo linalozisaidia sana programu nyepesi.

Je, mtu anaweza kuichakachua?

Kidogo, ndiyo. Mpendekezaji wa nafasi ya mwisho katika kipindi anaona michango ya wote waliomtangulia. Anaweza kukokotoa matokeo yatakavyokuwa akitoa bloku, na yatakavyokuwa akikaa kimya. Hawezi kubadili saini yake, lakini anaweza kuinyima. Hivyo ana chaguo mbili, yaani ana biti moja mkononi. Akishika nafasi mbili za mwisho mfululizo ana chaguo nne, tatu zina chaguo nane.

Tupige hesabu. Kwa siku kuna vipindi 225. Mtu mwenye asilimia 10 ya dau lote atashika nafasi ya mwisho katika kipindi kimoja kati ya kumi, yaani mara 22 au 23 kwa siku. Nafasi mbili za mwisho mfululizo atazipata katika asilimia 1 ya vipindi, takriban mara mbili kwa siku. Nafasi tatu ni kitu cha mara moja ndani ya siku nne au tano. Na kila akikaa kimya anapoteza malipo ya bloku nzima, na pengo lake linaonekana na kila mtu anayetazama mnyororo.

Waliobuni Ethereum waliamua kwamba upendeleo wa kiasi hicho unavumilika kwa kazi ya kugawa kamati. Nakubaliana nao kwa mtandao ambao dau limetawanyika. Hoja inazidi kudhoofika kadiri dau linavyokusanyika kwenye mikono michache, na ndiyo maana anayejali unasibu analazimika kujali pia nani anashika asilimia ngapi.

VRF ni nini, na kwa nini Algorand na Cardano zimeichagua?

VRF (verifiable random function) ni fomula inayotumia ufunguo wa siri kutoa namba inayoonekana nasibu pamoja na uthibitisho kwamba namba hiyo imetoka kwenye ufunguo huo. Silvio Micali, Michael Rabin na Salil Vadhan waliieleza mwaka 1999. Miaka ishirini baadaye, Juni 2019, Micali aliiweka Algorand hewani ikiwa na VRF moyoni mwake.

Njia yake ni bahati nasibu ya faraghani. Kila mshiriki hukokotoa VRF yake mwenyewe, nyumbani kwake, na kuangalia kama matokeo yako chini ya kiwango kinacholingana na dau lake. Akishinda hutangaza bloku au kura yake pamoja na uthibitisho. Kabla hajatangaza, hakuna anayejua kwamba ameteuliwa. Hapo ndipo inapoizidi Ethereum: kwenye Ethereum wapendekezaji wa kipindi wanajulikana mapema, na mwenye nia mbaya anaweza kuishambulia anwani ya intaneti ya mtu zamu yake inapokaribia.

Cardano hutumia Ouroboros Praos. Kila nafasi ni ya sekunde moja, lakini kigezo cha itifaki ni 0.05, hivyo nafasi nyingi hupita tupu na bloku hutoka kwa wastani kila sekunde 20. Kipindi chake ni nafasi 432,000, sawa na siku tano. Kwa kuwa kila mmoja anacheza kivyake, wakati mwingine washindi huwa wawili kwa nafasi moja, na itifaki inabidi iwe na kanuni ya kuamua tawi lipi lifuatwe. Hiyo ndiyo bei ya usiri.

drand ni nini? Nayo ni blokucheni?

Hapana. drand ni programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go, inayoendeshwa na mashirika mbalimbali kwa pamoja ili kutoa namba nasibu za umma kwa ratiba isiyobadilika. Ilianzia katika maabara ya chuo cha EPFL, Uswisi, na mwezi Juni 2019 ukazinduliwa muungano wa League of Entropy, wenye washiriki kama Cloudflare, EPFL, Chuo Kikuu cha Chile na Kudelski Security. Kila mmoja alileta chanzo chake cha unasibu wakati wa kuanza: Cloudflare ina ukuta wa taa za lava San Francisco unaopigwa picha na kamera, na Wachile walitumia vipimo vya matetemeko ya ardhi.

Mashirika hayo kwanza hutengeneza ufunguo mmoja uliogawanywa vipande, bila mtu yeyote kuwahi kuuona ukiwa mzima. Kila raundi, kila shirika hutia saini kwa kipande chake. Vipande vikifika kizingiti, yaani idadi ya chini inayotakiwa, huunganishwa kuwa saini moja ya BLS, na heshi ya saini hiyo ndiyo namba nasibu. Mnyororo wa awali hutoa namba kila sekunde 30, na ule uitwao quicknet, ulioanza 2023, kila sekunde 3.

Hapa hakuna tatizo la mtu wa mwisho. Akikataa mmoja, wengine wanatosha, na saini inayotoka ni ileile bila kujali nani walishiriki. Lakini wakila njama wa kutosha kufikia kizingiti, wataijua namba ya kesho kabla yenu. RANDAO inamwamini mtu kidogo sana na inavumilia kusukumwa kidogo. Drand haisukumiki, ila unaamini kwamba kundi linalojulikana kwa majina halijakaa mezani kupanga. Kwa bahati nasibu, kwa kuchagua wakaguzi wa mahesabu, kwa kugawa viwanja au nafasi za shule, mimi ningechukua drand bila kusita. Blokucheni ya Filecoin inaitumia kuchagua viongozi wa bloku zake.

Na VDF?

VDF (verifiable delay function) ni hesabu inayolazimika kufanywa hatua kwa hatua, kiasi kwamba hata mwenye mashine elfu hamtangulii mwenye mashine moja nzuri. Jina na maelezo rasmi yalitoka 2018. Ukiipitisha RANDAO kwenye VDF, mpendekezaji wa mwisho hawezi kujua matokeo kabla ya zamu yake kupita, na ile biti yake inamponyoka. Blokucheni ya Chia inaitumia katika makubaliano yake, ya Tezos iliiongeza kwenye unasibu wake mwaka 2022. Ethereum iliifanyia utafiti kwa miaka, ikiwa ni pamoja na vifaa maalumu, lakini haijaiingiza kwenye itifaki.

Programu zenyewe ni zipi?

Nodi ya Ethereum ina sehemu mbili: upande wa utekelezaji, unaoshughulikia miamala, na upande wa makubaliano, unaoshughulikia dau, kura na unasibu. Programu hizi huitwa klayenti. Kwa upande wa makubaliano kuna Prysm iliyoandikwa kwa Go, Lighthouse ya Rust, Teku ya Java, Nimbus ya Nim na Lodestar ya TypeScript. Grandine, nayo ya Rust, ilifungua msimbo wake baadaye. Kwa utekelezaji kuna Geth, Nethermind, Besu, Erigon na Reth.

Zote za makubaliano zinafuata maelezo rasmi yaliyoandikwa kwa Python, na maelezo hayo yanaendeshwa kama programu. Ukitaka kuelewa RANDAO, acha picha na vielelezo ufungue faili hizo utafute kazi (function) iitwayo process_randao. Ni mistari michache, na ukishaisoma hakuna atakayekudanganya tena kuhusu jambo hili.

Kwa nini ziwe nyingi? Moja nzuri haitoshi?

Haitoshi, na historia imeshalionyesha hili mara kadhaa.

Agosti 2020, kwenye mtandao wa majaribio wa Medalla, Prysm ilikuwa ndiyo klayenti ya walio wengi. Ilikuwa ikiuliza saa kutoka kwenye seva sita za muda kisha kuchukua wastani. Tarehe 14 seva moja ikajibu muda uliokuwa saa 24 mbele. Wastani ukasogea saa nne, na nodi nyingi zikaanza kufanya kazi za baadaye kana kwamba wakati umefika. Zilipojirekebisha zikakutana na kura zao wenyewe zinazopingana. Mtandao ulikaa siku kadhaa bila kuhitimisha bloku, yaani kuzifunga zisigeuzwe tena. Hakuna aliyeshambulia mtu: ni chanzo kimoja cha saa, ndani ya programu moja, iliyoshikwa na wengi mno.

Mei 2023 ilitokea kwenye mtandao halisi. Tarehe 11 uhitimisho ulisimama kwa takriban dakika 25, na tarehe 12 kwa zaidi ya saa moja. Zilikuwa zimepokelewa kura zilizorejelea hali ya zamani ya mnyororo, na Prysm na Teku zikajikuta zikijenga upya hali hizo moja baada ya nyingine hadi kumbukumbu na prosesa zikajaa. Lighthouse ilikuwa imepangwa kuziacha kura za namna hiyo, kwa hiyo iliendelea. Bloku hazikuacha kutoka, na mtandao ukarudi wenyewe. Kama nodi zote zingekuwa na msimbo mmoja, sijui ni nani angebaki kuushikilia.

Kuna jambo ambalo wanaosifu wingi wa klayenti hulisahau. Klayenti nyingi hizi, ingawa zimeandikwa kwa lugha tofauti na timu tofauti, hutumia maktaba moja ya saini za BLS iitwayo blst. Ni maktaba nzuri na iko wazi. Lakini unasibu wote wa RANDAO unapita humo, na kasoro humo ingewagusa karibu wote kwa siku moja. Wenye ujuzi wa kriptografia wanaotafuta mahali pa kusaidia waanzie hapo.

Theluthi mbili zinatoka wapi?

Kiwango hicho cha makubaliano ni matokeo ya zamani ya nadharia ya mifumo sambazi: Lamport, Shostak na Pease walionyesha mwaka 1982 kwamba makubaliano yanahitaji zaidi ya theluthi mbili ya washiriki kuwa waaminifu, pale ambapo ujumbe hauna saini. Pale ujumbe unapoweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, mpaka huo unabaki hata saini zikiwepo. Ethereum hutumia kiwango hicho kuhitimisha: kipindi kikipata kura za theluthi mbili ya dau, na kinachofuata vilevile, kile cha kwanza kimehitimishwa. Kwa kawaida huchukua kama dakika 13.

Kwa mwendeshaji, maana yake ni hii. Klayenti yenye chini ya theluthi moja ikiharibika, mtandao haushtuki. Ikivuka theluthi moja, uhitimisho unasimama. Ikivuka theluthi mbili inaweza kuhitimisha mnyororo mbovu, na wenye dau waliopigia kura mnyororo huo hawawezi kurudi kwenye ule sahihi bila kufyekwa, yaani kukatwa dau lao. Kabla hujachagua klayenti, tazama kwanza nani ana wengi, kisha chagua nyingine.

Kufyekwa hutokeaje?

Makosa ni machache na yameandikwa wazi: kupendekeza bloku mbili kwa nafasi moja, kupiga kura mbili tofauti zenye lengo moja, au kupiga kura inayozingira nyingine (inayoanzia kabla yake na kuishia baada yake). Mtu mwaminifu huangukia hapo kwa njia moja hasa: ufunguo uleule kuwashwa kwenye mashine mbili. Mashine ya kwanza imezimika, anawasha ya akiba, umeme unarudi, sasa zote mbili zinasaini.

Adhabu ya kwanza siku hizi ni ndogo. Tangu toleo la Pectra la 7 Mei 2025 ni sehemu moja ya 4,096 ya dau, ambapo awali ilikuwa moja ya 32. Kinachouma ni adhabu ya pili, inayokuja katikati ya siku 36 za kusubiri, na hukua kulingana na dau la wengine lililofyekwa katika muda huo. Ukiteleza peke yako inakaribia sifuri. Theluthi moja ya mtandao ikiteleza pamoja, wote wanapoteza kila kitu. Itifaki hapo inaadhibu njama, na haiwezi kutofautisha njama na watu wengi wenye kasoro moja ya programu.

Klayenti zote huweka hifadhidata ya kumbukumbu za saini, na muundo wa pamoja, EIP-3076, unakuruhusu kuihamisha unapobadili klayenti. Usihame bila faili hilo. Ukilikosa, zima kila kitu na usubiri hadi vipindi kadhaa vihitimishwe bila wewe.

Umeme wetu unakatika. Nitapata hasara?

Kukosekana hakukufyeki. Kila kura unayoikosa inakugharimu kiasi kinachokaribia ulichokuwa upate kwa kura hiyo. Kwa makadirio, saa sita za giza hurudisha nyuma mapato ya saa sita nyingine, basi. Kwa hiyo anayeendesha nodi Dodoma au Kisumu kwa UPS ndogo na modemu ya akiba yuko salama kabisa kifedha, mradi asianze kujenga mitambo ya kuwasha mashine ya pili yenyewe umeme unapokatika. Mtego wa kufyekwa uko hapo.

Hali hubadilika pale mtandao mzima unapokosa uhitimisho kwa zaidi ya vipindi vinne: adhabu za wasiokuwepo huanza kukua, hadi waliopo wafikie tena theluthi mbili.

Kwa vifaa, kumbuka diski. SSD ya NVMe ya terabaiti 2 ndiyo ya chini, ya 4 inakupa utulivu. Diski ya kuzunguka haiwezi kabisa. Na kwa sababu ya gharama ya bando, uliza kwanza kama laini yako kweli haina kikomo; nodi haipumziki.

Naandika mkataba erevu (programu inayojiendesha ndani ya blokucheni) wa bahati nasibu. Nitumie block.prevrandao?

Kwa kuchagua rangi ya picha, tumia. Kwa zawadi ya fedha, fikiri mara mbili. Thamani hiyo, inayopatikana kwenye Solidity, lugha ya kuandikia mikataba hiyo, tangu toleo 0.8.18, ni uleule mchanganyiko wa RANDAO. Mpendekezaji anaweza kuusukuma, na zawadi ikizidi malipo ya bloku moja, ana sababu ya kufanya hivyo. Usikubali kabisa kupokea pesa ya mchezaji na kutoa matokeo ndani ya muamala mmoja. Funga mauzo kwanza, taja nafasi ya mbele, angalau vipindi vinne baadaye, ndipo uisome. Bora zaidi, taja raundi ya drand ambayo bado haijafika, na mkataba ukague saini yake.

Kagua pia mnyororo unaotumia. Kwenye Arbitrum, mnyororo uliojengwa juu ya Ethereum, thamani hiyo hurudisha 1 daima.

"Huria" hapa ina maana ya leseni gani?

Prysm ni GPL-3.0, Lighthouse na Teku ni Apache 2.0, Nimbus inakupa uchaguzi wa Apache au MIT. go-algorand, programu ya nodi ya Algorand, iko chini ya AGPL. Maelezo rasmi ya Ethereum yametolewa kwa CC0, yaani hayana mwenyewe. Ukitaka kuingiza msimbo kwenye bidhaa ya kuuza, tofauti hizi zina uzito: GPL na AGPL zitakutaka ufungue wa kwako pia kwa masharti fulani.

Nawezaje kujionea bila kuweka pesa?

Mtandao wa majaribio wa Hoodi, uliozinduliwa Machi 2025, umetengwa kwa ajili ya wathibitishaji wanaojifunza. Sarafu zake hazina thamani na hutolewa bure.

Ukiwa na nodi ya makubaliano yoyote, iulize moja kwa moja kwa curl kwenye njia ya /eth/v1/beacon/states/head/randao. Itakujibu mchanganyiko wa sasa. Subiri sekunde 12, uliza tena, utaona umebadilika. Usipobadilika, kuna mpendekezaji ambaye bloku yake haikufika. Bila nodi, fungua api.drand.sh/public/latest. Utaona namba ya raundi, namba nasibu na saini. Pitisha saini kwenye SHA-256 kwa kompyuta yako mwenyewe ulinganishe na namba uliyopewa.

Naweza kuchangia nini?

Hifadhi za klayenti zote zina orodha ya kazi za wanaoanza, lakini kazi hizo huchukuliwa haraka. Majaribio ya pamoja ya maelezo rasmi yana nafasi zaidi: chukua kazi moja, kwa mfano ile ya kuchanganya kwa raundi 90, iandike upya kwa lugha unayoijua, uiendeshe dhidi ya vekta za majaribio zinazotolewa na kila toleo. Jibu lako likitofautiana na lao, kwanza tafuta kosa kwako, kisha fungua taarifa kwenye hifadhi ukiambatisha mbegu, namba ya mthibitishaji na matokeo yote mawili. Kasoro ya usalama usiiandike hadharani. Kila mradi una faili la SECURITY lenye anwani ya kuandikia kwa siri.